Sivai Sare ya Harusi Hii

Jumatatu, 8 Oktoba 2018

Majora ya kitenge yamefika. Zambarau, yenye feni za manjano. Feni kabisa, zile za dari, zenye mapanga matatu. Mama Epiphanie aligeuza jora moja huku na huku akauliza, "Hii ni harusi au ni duka la umeme?" Tukacheka mpaka Mama Jeannine akatukata jicho.

Harusi ni ya Ruphin na Arlène, tarehe 15 Desemba. Ruphin ndiye baba wa mwanangu Héritière. Hakunioa. Aliondoka mtoto akiwa na meno mawili, na sasa ana miaka mitano, meno yenyewe yameanza kutikisika.

Wanawake wote wa umoja wetu wa Wakongo na Warundi hapa Yeoville watavaa kitenge hicho, ndiyo desturi yetu. Washonaji ni mimi na Mama Epiphanie, mashine mbili dirishani katika duka la Mama Jeannine, mwenyekiti wa umoja. Leo amenipa kipande changu kabla ya wengine wote, kimekunjwa ndani ya plastiki. "Wewe uwe wa kwanza, binti yangu. Watu wakuone."

Nikasema aksanti. Nikakiweka chini ya mashine.

Jumatano, 10 Oktoba

Mvua ya kwanza. Jakaranda zimemwaga maua barabara nzima, nayo ni zambarau. Rangi hii sina pa kuikimbia.

Jumapili, 14 Oktoba

Héritière anakohoa. Hatukwenda popote. Nimelala mchana nikiwa nimeshika kijiko cha dawa.

Jumamosi, 20 Oktoba

Foleni ya kupimwa imefika mpaka mlangoni. Mmoja anataka mikono ya puto, mwingine mgongo wazi, na mwingine kiuno kibanwe "mpaka mume wangu akumbuke alikonitoa." Nguo moja, miili mbalimbali. Wanaitaka, nami nawashonea kwa moyo. Sina ugomvi na nguo ya mtu.

Mama Epiphanie ni Mrundi, mjane, hutoa maneno kama anayetema mbegu za chungwa. Leo ameniuliza, "Na yako unashona lini?"

"Sishoni."

Akakanyaga mashine kidogo. "Ni wivu?"

"Hapana."

"Bado unampenda?"

"Mama Epiphanie! Yule mtu akilala anakoroma kama lori la mchanga linapanda mlima. Arlène amchukue, Mungu ambariki."

"Basi ni nini?"

Jibu nimelitafuta nikipika, nikimwogesha mtoto, nikianika soksi zake za shule. Nadhani ni hili: harusi hii siichukii, wala hainifurahishi. Kitenge kile kinasema nina furaha. Mimi sijasema.

Jumamosi, 27 Oktoba

Leo Mama Jeannine alikuja na futikamba shingoni. "Simama nikupime. Mshonaji hajipimi mwenyewe."

Nikabaki nimekaa. Lazima niandike kwamba haikuwa rahisi. Nilipofika mji huu kutoka Bukavu nilikuwa na mimba na begi moja, na mwanamke huyu ndiye aliyenipa godoro. Siku ya uchungu alinishika mkono mpaka kucha zangu zikamwachia alama. Kumkatalia yeye si kama kumkatalia polisi.

"Mama, sitavaa."

"Hutavaa nini?"

"Sare. Kazi nitaifanya yote. Siku yenyewe sitasema neno baya, sitanuna mbele ya watu. Lakini kuvaa, hapana."

Akavuta kiti akakaa karibu, akashusha sauti. "Mama Héritière, sikiliza. Arlène akimaliza mwaka bila mimba, watamtafuta nani? Watauliza, ni nani hakuvaa? Wataanza kusema jicho baya. Mimi nakukinga."

Najua hasemi uongo. Naijua midomo ya watu wetu. Nikamjibu, "Niliachwa, mkaniambia ninyamaze, nikanyamaza. Mkasema jina la mtoto alichague baba yake, nikakubali. Sasa mnataka na uso wangu."

"Uso wako ni wa nani? Wewe si mtoto wetu? Hata Wazulu hapa wanasema, mtu ni mtu kwa watu."

"Ndiyo, Mama. Lakini wameanza na mtu."

Akasimama, akaikunja futikamba kidogo kidogo kama anayekunja nyoka. "Umesoma wapi, wewe? Darasa la nane halijakuletea maneno haya."

Hakika halikuleta. Yamekuja yenyewe, na mimi pia nilishangaa kuyasikia.

Jumapili, 4 Novemba

Nimechoka hadi mifupa, lakini nikilala bila kuandika nitaamka nikiamini toleo lao.

Baada ya ibada waliita mkutano. Viti mviringo, mimi katikati kama chungu kwenye mafiga. Wakaongea mmoja mmoja.

"Amejiona mzungu."

"Anataka siku ya mwenzake tumtazame yeye."

"Mnamwonea bure. Labda hana viatu vya kufanana." Huyu aliwachekesha wote, hata mimi.

Kisha dada mmoja anayesuka nywele jirani na duka letu akasema, polepole, bila ubaya, "Mimi pia sikumpenda mume wa dada yangu. Nilivaa. Ni masaa machache. Kuvaa kunakugharimu nini?"

Swali zuri. Nikasimama.

"Mkiniambia nisimtukane bibi harusi, mna haki. Mkiniambia nisije kulia mlangoni nikiharibu siku ya watu, mna haki, maana hapo nitakuwa nimemuumiza mwingine. Lakini kukaa kwangu bila feni hakumuumizi mtu. Mkiniamuru nifurahi, mmeingia chumbani kwangu bila kupiga hodi. Dada, umeuliza kunanigharimu nini. Siku nikifurahi kweli, nitavaa nini mjue?"

Mtoto wa mtu akaangusha chupa.

Mama Jeannine akasema, "Basi tupige kura. Asiyevaa sare haingii ukumbini." Mikono ikapanda. Nikaangalia upande wa Mama Epiphanie. Wake pia ulikuwa juu.

Nikasema, "Sawa. Ukumbi mmeukodi nyinyi." Nikambeba Héritière, amekuwa mzito sasa, nikaenda zangu kwa miguu. Pale kwenye robot, taa za barabarani, mvua ikatukuta, tukalowa wote wawili. Yeye alifurahi sana.

Jumatatu, 5 Novemba

Sikuongea na Mama Epiphanie. Mashine ziliongea zenyewe.

Jumanne, 6 Novemba

Aliniletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, ndani ya kopo la siagi. Akaliweka mbele yangu, akabaki amesimama.

"Niliinua mkono kwa sababu nina watoto wanne, na mashine yangu iko ndani ya duka lake. Unichukie tu."

"Sikuchukii."

"Kidogo."

"Jana, kidogo. Leo naiona sombe."

Nimefikiri juu ya mkono ule. Nilitaka aushushe kwa ajili yangu. Lakini nikidai mkono wake uende ninakotaka mimi, nimeanzisha umoja wangu mdogo, na mwenyekiti ni mimi.

Jumamosi, 10 Novemba

Wateja wawili wamehamisha vitambaa vyao kwa Mama Epiphanie. Hawakusema kwa nini. Mmoja hakunitazama machoni, mwingine alinitazama sana.

Jumanne, 13 Novemba

Ruphin amekuja dukani akitoka kazini, bado na sare ya ulinzi, kofia kwapani. Nilikuwa sijamwona tangu Pasaka.

"Mama Héritière, unaniaibisha."

"Nimefanya nini?"

"Kukataa sare. Mimi mbona navaa sare kila siku? Imeniua?"

"Wewe unalipwa, Baba Héritière."

Mama Epiphanie alikohoa ndani ya kitambaa. Ruphin akageuza kofia mkononi. Si mtu mbaya. Zamani nilidhani ni mbaya, na kabla ya hapo nilidhani ni mzuri. Ni mtu anayeogopa shangazi zake.

Akasema wanamtaka Héritière atangulie mbele ya maharusi akimwaga maua.

"Nitamuuliza."

"Mtoto wa miaka mitano anaulizwa?"

"Juu ya maua, ndiyo."

Alhamisi, 15 Novemba

Siku mbili sikumuuliza. Nilijiambia nimechoka. Ukweli, nilijua atakavyojibu.

Leo jioni, akiwa kwenye beseni, nikamuuliza. Akaruka, maji yakafika kitandani. "Yes! Na gauni ya feni, Mama! Kama ya Mama Jeannine!"

Neno "hapana" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nilikuwa tayari nimeinua kidole. Mimi nasimama peke yangu mbele ya mtaa mzima, halafu wewe uende mbele yao na feni kifuani, wote waseme, tazameni, hata mwanawe amemwacha?

Nikakiona kile kidole changu kwenye kioo cha dirisha. Kilikuwa kidole cha Mama Jeannine, chembamba tu zaidi.

"Please, Mama. Itakuwa sharp."

Ni baba yake. Ni maua. Hajui lolote juu ya kura. Anayo furaha, tena tele, na mimi niliyepiga makelele mkutanoni juu ya furaha ya mtu nilitaka kumnyang'anya yake.

Nikasema, "Utavaa, mama. Ulinde maji yasiishe kwenye beseni." Kisha nikageuka nikaanza kukunja nguo zilizokuwa zimeshakunjwa.

Jumamosi, 24 Novemba

Majora yameisha dukani. Kipande kilichobaki ni kile changu, chini ya mashine.

Nikakitandaza mezani, nikapima gauni la mtoto, nikakata. Sketi pana ya kuzunguka, inakula kitambaa. Mama Jeannine aliingia mkasi ukiwa umefika katikati.

"Hicho si chako?"

"Kilikuwa changu, Mama. Sasa ni cha Héritière."

"Na wewe utabaki na nini?"

"Vipande hivi. Nitamshonea na utepe wa nywele."

Akatazama meza. Mkasi ukishapita hakuna mkutano unaoweza kurudisha kitambaa. Alitoka bila kufunga mlango, na upepo wa mvua ukaingia ukapeperusha vipande vyote vya feni sakafuni.

Alhamisi, 29 Novemba

Umeme umekatwa tena, lakini mashine zetu ni za miguu, hazijali. Saa nane mchana Arlène akaja kujaribu nguo ya pili, ile ya feni watakayovaa baada ya gauni jeupe. Mama Epiphanie alikumbuka ghafla kwamba anahitaji uzi, akatuacha.

Sikuwahi kuwa naye peke yangu. Ni mdogo kuliko nilivyodhani, ana shingo ndefu na kucha alizozitafuna. Nikapiga magoti nikaanza kubana pindo kwa pini. Akasema juu ya kichwa changu, "Nasikia unaniloga."

Nikatoa pini mdomoni. "Nina kazi nyingi, sijakufikia."

Alicheka mpaka pini ikamchoma pajani. Baada ya hapo tukaongea kama watu.

"Unadhani nilikichagua mimi kitenge hiki? Nilitaka cha kijani, chenye majani madogo madogo. Wakasema kijani ni cha matanga. Nilitaka harusi ndogo. Wakasema ndogo ni ya walioshikwa na mimba. Nyimbo wamechagua. Keki wamechagua. Siku moja nitaamka nikute wamenichagulia na ndoto."

"Na Ruphin?"

"Ruphin nilimchagua mimi." Akanitazama chini. "Usicheke."

"Sicheki. Ununue pamba za masikio."

Kisha akasema jambo ambalo limenikaa kifuani tangu mchana. "Siku ile nitatazama ukumbini nitaona feni tupu. Nitajuaje nani amekuja kwa moyo na nani amekuja kwa kuogopa Mama Jeannine? Wewe ukija bila feni, basi mmoja angalau nitajua amekuja mwenyewe."

"Mimi sijasema nitakuja."

"Ndiyo maana nasema ukija."

Mlangoni akageuka. "Watu wanakuita Mama Héritière. Jina lako wewe?"

"Nabintu."

Akalirudia kimya, akaenda.

Jumamosi, 8 Desemba

Mama Jeannine amesema mwezi ukiisha nitoe mashine yangu dukani. Alisema akiwa amenipa mgongo, akipanga vifungo ambavyo vilikuwa vimepangwa. Nimeelewa kwamba yeye pia anaogopa: ameushikilia umoja huu miaka mingi, kwa misiba yetu na uzazi wetu, na anaona nimevuta uzi mmoja, anangoja nguo nzima ifumuke.

Namhurumia. Lakini woga wake si saizi yangu.

Nililia chooni, nikanawa, nikamalizia mikono ya puto ya mtu.

Jumatano, 12 Desemba

Gauni la Héritière limekwisha. Amezunguka nalo mpaka akaanguka.

Jumapili, 16 Desemba

Jana ilikuwa harusi. Naandika leo, miguu ndani ya maji ya chumvi.

Asubuhi nilivaa gauni langu la kahawia, lile lenye mifuko, nililojishonea mwaka jana kwa sababu nilitaka mifuko. Nilijiambia namsindikiza mtoto tu mpaka getini.

Getini alisimama Ignace, kijana wa kwaya, na rundo la vipande vya feni begani, mabaki ya ushonaji, kwa ajili ya waliosahau. Aliniangalia kwa aibu. "Mama, jifunge hiki kiunoni. Dakika mbili tu. Ukishaingia, fungua."

Ubaya ungenikuta nimejiandaa. Wema ule ulikaribia kuniangusha. Nilikuwa nimechoka sana, na dakika mbili ni kitu gani?

"Aksanti, ndugu Ignace. Sijifungi."

"Mvua inakuja. Utalowa."

"Nitalowa."

Héritière akaingia mbio na kikapu chake, utepe wa feni kichwani, hata hakugeuka. Ndivyo nilivyotaka. Nikasimama nje ukutani na mwavuli wangu. Kisha mbingu ikapasuka. Mvua ya mawe, ile ya hapa, inayotoboa mabati na kupasua vioo vya magari. Feni zote zikakimbilia ndani zikipiga yowe. Tukabaki mimi, ukuta na Ignace.

Ndipo gari la bibi harusi likafika. Dereva akashuka na mwavuli, upepo ukaugeuza kama ua, ukamtoka mkononi ukaenda zake barabarani. Dirisha likashuka kidogo.

"Nabintu! Mwavuli!"

Nikavuka. Arlène akashuka ameukumbatia mkia wa gauni jeupe kama mtoto mchanga, tukabanana chini ya mwavuli wangu, mawe yakipiga ngoma juu yetu, tukaenda. Ignace alitazama pembeni kwa bidii sana.

Mlangoni alisimama Mama Jeannine. Aliona gauni la kahawia, akanyoosha mkono kunizuia. Kisha akaona gauni jeupe, na matope, na mkono ukabaki hewani.

"Mama," Arlène akamwambia, "huyu akibaki, na mimi nabaki."

"Mwanangu, tulikubaliana..."

"Mlikubaliana nyinyi. Mimi mlinipima tu."

Tukapita. Mbele yetu, Héritière alianza kumwaga maua, yote mahali pamoja, lundo moja, maana hakuna aliyemwambia atawanye. Ukumbi ulikuwa feni mwanzo hadi mwisho, na nikahisi macho yote juu ya ule ukahawia wangu. Nilifikiri nitaona haya. Sikuona. Nilimfikisha Arlène mbele, nikafunga mwavuli, nikageuka nitoke, kwa kuwa kura ni kura na ukumbi si wangu. Lakini akasema "Kaa," mbele ya wote, na harusi ni yake. Mama Epiphanie akasogea mwisho wa benchi. "Kaa hapa, uniloweshe vizuri."

Sikucheza wimbo wa kwanza, wala wa pili. Wa tatu ulikuwa wa kwetu Bukavu, na Héritière alinivuta mfuko. Nikacheza kidogo. Kisha si kidogo. Hakuna aliyeniagiza.

Mama Jeannine alikuja akasimama kando yangu, jasho likimtoka ndani ya feni zake. "Unaona sasa? Si ungevaa tu!"

"Ningevaa, Mama, usingejua kama nafurahi."

Alinitazama miguu mpaka wimbo ulipoisha.

Jumatatu, 31 Desemba

Mama Jeannine hakubadili neno lake. Nimetoa mashine. Mama Epiphanie alinishikia upande mmoja mpaka kwenye teksi, akimtukana dereva aliyetaka kunilipisha kiti cha mashine.

Jumamosi, 12 Januari 2019

La Rochelle, mtaa mwingine wa mji huu huu. Chumba kimoja, dirisha linaloangalia barabara, mashine dirishani. Wateja bado wachache. Héritière ameanza shule mpya na jino limeng'oka. Kuna siku nakosa kelele za duka, na kuna siku nafurahi kusikia mashine yangu peke yake.

Leo Mama Epiphanie amenitembelea. Alibeba ile sare yake ya feni: "Igeuze mapazia, imeshafanya kazi yake." Kisha akatoa kwenye mfuko kitambaa kingine, kimekunjwa ndani ya plastiki.

"Mwezi wa tatu kuna harusi ya mpwa wa Mama Jeannine. Mwenyewe anauliza kama utavaa."

"Anasema nivae?"

"Nimekuambia, anauliza."

Nikamwomba arudie. Akarudia, akitikisa kichwa kama anayesema na kiziwi: anauliza, Nabintu, anauliza.

Nikafungua plastiki. Kijani, chenye majani madogo madogo. Nikakishika, nikakiangalia kwenye mwanga. Kizuri, siwezi kusema uongo.

"Nimwambie nini?" akauliza.

"Mwambie nafikiria."

Nimekiweka juu ya mashine, siyo chini.